Helikopta Tatu za Mzee Emukule

Mzee Callistus Emukule hakupanda ndege hata siku moja, lakini siku ya kuzikwa aliletewa helikopta tatu. Malaba nzima ilisema hiyo ni heshima. Amongin, bintiye wa kwanza, alipata habari hizo akiwa jikoni na mama yake wakichambua mchele wa wageni, na wala hakufikiria heshima. Alifikiria kiwanja cha shule ya msingi kilicho nyuma ya boma lao, mikaratusi iliyokizunguka, na mawingu ambayo mwezi huo yalikuwa yakija kila alasiri kutoka upande wa Tororo.

"Nani atazipanga?" akauliza.

Afadhali angenyamaza. Mdogo wake Mathews alikuwa amesimama mlangoni na simu mbili mkononi, na swali hilo ndilo alilokuwa akilisubiri.

"Si ni wewe, dada? Tuko na air traffic controller mzima hapa kwa boma, tena wa Nairobi. Nimeshaambia waheshimiwa wasiwe na wasiwasi, mambo ya hewa imepangwa."

"Mimi nimekuja kuzika baba."

"Na nani amesema hautazika?"

Mathews alikuwa akiutaka uwakilishi wa wadi, na kwa mtu anayetaka cheo, maiti ya baba si msiba tu, ni mkutano uliojileta wenyewe bila kutangazwa. Wahenga walisema kufa kufaana. Hawakusema kwamba anayefaidi huwa ndiye anayelia kwa sauti kubwa kuliko wote, lakini waliomwona Mathews mochari siku ya kuchukua mwili hawakuhitaji kuambiwa.

Kazi ya Amongin ilikuwa kuzipishanisha ndege. Alikaa Nairobi katika chumba kisicho na dirisha, mbele ya kioo cha rada, na anga lote la magharibi mpaka boda lilikuwa lake. Ndege za kwenda Entebbe na zinazotoka huko zilipita mkononi mwake, hii juu, hii chini, futi elfu moja kati yao, na zikifika karibu na Malaba alizikabidhi kwa wenzake wa Uganda na kuziaga. Kwa hiyo miaka yote hiyo aliwapitisha watu wa dunia juu ya paa la baba yake, na yeye mwenyewe kufika chini ya paa hilo ilikuwa Krismasi tu, tena Krismasi ambayo zamu imemruhusu.

Mzee aliielewa kazi hiyo kuliko majirani, maana naye alizeeka akipanga trela kwenye foleni ya boda, akiwasihi madereva wasichomekeane. "Mimi za chini, wewe za juu," alipenda kusema. "Shida ni kwamba zako haziwezi kupaki zingoje."

Kitu kilichomfurahisha zaidi ni sheria ya kurudia. Amongin alimweleza kwamba redioni, ukimpa rubani agizo, bado hujampa mpaka alirudie kwa kinywa chake mwenyewe, nawe umsikilize akilirudia. Akijibu "sawa" peke yake, hajajibu kitu, unamuuliza tena. Na asipojibu kabisa, humpokei mwingine anayejibu kwa niaba yake, hata akiwa anamwona dirishani. Tangu siku hiyo simu zao zote ziliishia hivyo. "Rudia, Papa," Amongin alikuwa akisema, na mzee akirudia kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani: "Nimesikia. Utakuja Disemba. Utaleta dawa ya magoti. Nisipande juu ya paa."

Simu ya mwisho hakuna aliyeipokea. Mzee aliipiga Amongin akiwa zamuni, na zamuni simu zote hubaki katika sanduku nje ya mlango. Alipotoka akalikuta jina la Papa kwenye kioo, akapiga, na aliyepokea ni jirani aliyekuwa akilia. Mama yake ndiye aliyekuwa kando ya kitanda. Amongin hakupata ujasiri wa kumuuliza mzee alitaka kusema nini, na mama naye hakusema.

Kilichobaki ni udongo. Zamani, Amongin alipohitimu, wazee wa ukoo walinong'ona kwamba Emukule ameuza ng'ombe wa mvulana ili amsomeshe msichana. Mzee akasimama mbele yao wakiwa wamezunguka chungu cha pombe ya ajon, mirija mkononi, akasema siku atakapokufa wa kwanza kumrushia udongo ni Amongin, na mtu asimtangulie. Ukoo mzima ulisikia. Hilo ndilo jambo moja alilokuja kulifanya: kusimama ukingoni mwa kaburi, kurusha udongo kwa mkono wake, na kumwambia baba yake yale ambayo simu haikumpa nafasi ya kuyasema. Mengine yote, mahema, wali, waheshimiwa, aliwaachia wenye hamu nayo.

Siku ya mazishi palikuja gari la maandalizi na kijana mmoja aliyevaa miwani ya jua. Akatoa redio ya mkononi na hedifoni kubwa za kuziba masikio, akauliza ni nani atakayezungumza na marubani. Mathews akamwonyesha Amongin kwa kidole kama anayeonyesha mtungi. Amongin alikataa. Akakataa tena. Ndipo redio ikaita mikononi mwa yule kijana, rubani akauliza ni nani aliye chini, na rubani wa pili akauliza swali hilohilo kabla wa kwanza hajamaliza, na wa tatu juu yao wote wawili. Mtu aliyefundishwa kusikia ndege mbili zikija mahali pamoja hawezi kugeuka na kwenda kukoroga uji. Hiyo ndiyo laana ya kazi hiyo. Akazichukua hedifoni.

Hewani watu husema Kiingereza cha kukatakata, lakini maana yake ilikuwa hii. Amongin aliwaambia kwamba yeye si mnara, hana mamlaka ya kumruhusu mtu kutua wala kumkataza, anatoa habari tu na kila rubani ajiamulie. Kisha akawapanga kama aliyezaliwa na mamlaka hayo. Helikopta nyeupe ilimbeba mbunge, akaiweka kimo cha chini. Nyekundu ilimbeba tajiri mmoja anayeota ugavana, akaiweka juu ya nyeupe kwa futi elfu. Ya buluu ilimleta mtu kutoka Nairobi ambaye programu ilimwita tu "mgeni wetu", akaiweka juu zaidi. Wote watatu aliwataka watumie kipimo kimoja cha mgandamizo wa hewa, kile cha Kisumu, kwa sababu kila mmoja akija na kipimo chake basi vimo wanavyovitaja ni porojo tupu. Na wote wazunguke upande wa Amukura, wasipite mto, maana ng'ambo ya mto ni nchi ya watu na nchi hiyo haina taarifa za msiba wa Emukule. Marubani wakarudia neno kwa neno, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa mafundi wazuri. Tatizo halikuwa kwenye kiti cha mbele.

"Nyeupe, kiwanja kiko wazi, upepo ni mdogo. Unaweza kutua."

Rubani wa nyeupe, kwa sauti ya chini: "Mheshimiwa anauliza kama wengine wameshatua."

"Wewe ndiye wa kwanza."

"Basi tutazunguka kidogo."

Nyekundu nayo ikakataa. Ya buluu ikasema haina haraka. Amongin akatazama juu, akaelewa. Nairobi alizoea kuwasihi watu wasubiri, maana kila rubani hutaka kutangulia. Hapa hakuna aliyetaka. Kwetu mkubwa ni yule anayefika mwisho, wadogo wote wakiwa wameshaketi, ili mahema yote yasimame na mpiga ngoma aanze upya. Aliyetua kwanza angelazimika kusimama kuwapokea wenzake. Kwa hiyo wanaume watatu wazima, wenye wake na wajukuu, walikuwa wakichoma mafuta juu ya sanduku la marehemu, kila mmoja akingoja mwenzake awe mdogo.

Padri alikuwa ameshamaliza misa. Jeneza lilikuwa juani. Upande wa Tororo, ule mwamba wao mkubwa ulikuwa umeshamezwa na wingu jeusi.

Zikazunguka. Watoto wakachoka kupunga mikono. Baadaye rubani wa nyekundu akasema polepole kwamba mafuta yake hayatamsubiri mtu, awe mheshimiwa au asiwe. Amongin akafinya kitufe, na sauti aliyoitoa ilikuwa ya mama yake akigawa nyama.

"Wote watatu, sikilizeni. Karibu na hema kuu kuna nafasi moja. Ni ya atakayetua kwanza. Wa pili atakaa golini. Wa tatu ataingia kwenye mihogo, nyuma ya vyoo."

Palepale nyeupe ikasema inashuka. Nyekundu ikalalamika kwamba ilikuwa na dharura ya mafuta, na Amongin akaiambia ingoje nyeupe iguse chini, ndipo iache kimo chake. Buluu ikamwita mama, ikamwita dada, ikauliza kama vyoo vinatumika. Zikashuka moja moja. Upepo wake ukapeperusha turubai la wanakwaya, ukayamwagia masufuria ya wali vumbi la kiwanja kizima, na shada la maua likatoka juu ya jeneza likaenda kulala katika mahindi ya jirani. Watu wakapiga makofi.

Ikafuata saa ya maneno. Mbunge alisema Mzee Emukule alikuwa kama baba kwake, akamwita Emukele. Tajiri akasema barabara ya lami inakuja. Mgeni wetu, aliyefika mwisho lakini na udongo wa mihogo kwenye suruali, alizungumza kuliko wote ili kujilipa. Amongin alikuwa ameketi kando ya mama yake, na karatasi ya wasifu wa baba yake ilikuwa imekunjwa mkononi mwake. Mshereheshaji akatangaza kwamba kwa ajili ya mvua wasifu hautasomwa, kila mtu ataujua moyoni. Amongin akaikunja karatasi mara nyingine. Alijiambia si kitu. Udongo bado upo.

Radi ya kwanza iliposikika, waheshimiwa wakainuka pamoja kama walioitwa na chakula. Hakuna aliyengoja jeneza lielekee kaburini. Mathews akaja mbio akiwa na redio na hedifoni.

"Dada, watoe hawa watu haraka. Dakika kidogo tu."

"Sanduku linaenda kaburini."

"Halitaenda. Tutakungoja. Hawa wakifa hapa, sisi tutaambia nani?"

Amongin akatazama kiwanja. Mapanga ya helikopta zote tatu yalikuwa yameanza kuzunguka, na watu walikuwa wakikatiza katikati yao wakipiga picha. Akamshika mdogo wake kiwiko.

"Msishushe baba kabla sijafika. Uje unichukue wewe mwenyewe. Rudia."

"Sawa, dada. Sawa, enda."

Akaenda. Mwanamke ambaye katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kulipokea neno "sawa" kutoka kwa rubani yeyote, wa nchi yoyote, alilipokea kutoka kwa mdogo wake.

Kutua kila mtu alitaka kuwa wa mwisho. Kuondoka kila mtu alitaka kuwa wa kwanza, kwa sababu anayebaki nyuma kwenye mvua ni mtu wa kawaida. Nyeupe iliyo karibu na hema ilikuwa na haki ya kutangulia, Amongin akaiambia iinuke na ielekee mashariki. Ilipokuwa juu ya mikaratusi, mihogo ikalala, na ile ya buluu ikapanda kutoka nyuma ya vyoo bila kusema neno, ikielekea huko huko.

"Buluu, mbele yako kuna nyeupe, kimo kimoja. Geuka kushoto sasa. Kushoto sasa."

Rubani wa buluu akarudia na kugeuka, na tumbo la chombo chake likapita karibu na mkia wa mwenzake, karibu kiasi kwamba Amongin alijishika kifua. Kwa nyuma yake kwenye redio palisikika sauti ya mtu mwingine ikiuliza kwa nini wanapewa amri na mwanamke. Sasa ya buluu ilikuwa inaelekea mto na wingu, maana kushoto kwake kulikuwa Uganda, na nyekundu ilikuwa inanguruma golini ikiomba kutoka. Amongin akaizuia nyekundu, akaitafutia nyeupe kimo cha juu, akaizungusha buluu polepole irudi mashariki chini yake. Mvua ikaanza kudondoka juu ya hedifoni.

Alipogeuza shingo aliwaona. Ng'ambo ya uzio, watu walikuwa wametoka mahemani na kusongamana mahali pamoja, miavuli imefunguka. Jeneza halikuwepo tena pale lilipokuwa. Aliona midomo ya wanakwaya ikifunguka na kufungika, na kwa sababu ya zile hedifoni hakusikia hata noti moja.

Angeweza kuzivua. Ukweli usemwe: hakuna aliyemfunga kamba. Lakini helikopta mbili zilikuwa angani zikipishana ukingoni mwa wingu, ya tatu ilikuwa inataka kuinuka, na chini yao kulikuwa na paa la shule iliyojaa watoto waliokimbia mvua. Akamtafuta Mathews kwa macho kati ya kiwanja na uzio. Njia ilikuwa tupu. Akarudi kwenye redio.

Alibaki pale mpaka nyekundu ilipokuwa nyuma ya wenzake kwa umbali wa kutosha, na kila mmoja amesema kimo chake, na yeye amewaelekeza kwenye masafa ya redio ya Kisumu. Rubani wa nyeupe alishukuru. Wengine hawakuwa na muda. Alipozivua hedifoni, mvua ilikuwa kubwa, na sauti pekee iliyobaki ilikuwa ya sepeto.

Kaburi lilikuwa limeshajaa. Vijana walikuwa wanapigapiga udongo ushikane, na juu yake, mbele ya msalaba, lilikuwa shada kubwa la plastiki lenye jina la mbunge. Mathews alikuwa amesimama chini ya mwavuli, suti yake imelowa miguuni. Alipomwona dada yake alifungua mikono.

"Umetuokoa, dada. Watu wote wanakusifu."

"Ulisema utakuja kunichukua."

"Mvua ilikuwa inaingia kwa kaburi. Padri akasema tuharakishe. Tulikuita na maikrofoni, tena sana, hukuja." Akashusha sauti. "Lakini usijali, nilirusha ya kwanza kwa niaba yako. Nilitaja jina lako kabisa."

Amongin alimtazama. Alikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya Kiteso, na hakuna hata moja ambalo lingefaa kusemwa karibu na kaburi. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo walivyomfanyia, tena akiwa hatua chache tu kutoka hapo, akizilinda shingo zao. Kwa niaba yake. Katika chumba kile cha Nairobi mtu angefukuzwa kazi kwa neno hilo.

"Kitu kingine," Mathews akasema. "Jumamosi kuna mazishi Bumala. Mheshimiwa ameuliza kama utakuwa bado hapa."

Amongin akamwachia redio mkononi na kumpita. Aliinama, akachota udongo wa kando ya kaburi, lakini ulikuwa tope tayari, ukamtoka kati ya vidole kabla hajaupeleka popote. Kijana mwenye sepeto akamwomba asogee kidogo, anasawazisha.

Mama yake alikuwa jikoni, amekalia kigoda, akichagua wali ambao vumbi halikuufikia. Amongin akasimama mlangoni akitiririka maji. Alitaka kueleza habari za buluu na nyeupe, na paa la shule, na zile hedifoni. Alitaka mtu mmoja ajue.

"Mama, sikusikia mkiniita."

"Najua."

"Nilikuwa na kitu kwa masikio. Zingegongana."

"Najua, Amongin." Mama hakuinua kichwa. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Siku ile pia mimi ndiye nilimshikia baba yako simu. Ikalia, ikalia, mpaka ikanyamaza yenyewe. Nikamwambia tupige tena. Akasema, 'Wacha, ako kazini.'"

Akamwaga sahani moja ya wali wenye vumbi kwenye ndoo ya kuku.

"Leo padri ameuliza, huyu mtoto wa kwanza ako wapi. Nikamwambia hivyo hivyo."